Rangi ya Thao

Kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa tayari na majina mengine matatu: Makaa, Lami na Stima Imepotea. Dada yangu mdogo alikuwa na moja tu. Aliitwa Rangi ya Thao, yaani rangi ya noti ya shilingi 1,000, ile ya kahawia. Tulizaliwa na mama mmoja na baba mmoja, tukalala kitanda kimoja kwenye ploti moja mjini Migori, lakini mtaa ulikuwa ushatupangia bei. Yeye alikuwa pesa. Mimi nilikuwa kitu cha kuwashia jiko.

Kwa Kijaluo mambo hayakuwa makali hivyo. Mweusi ni rateng', mwenye wekundu ni rakwar, basi. Hata ng'ombe huitwa hivyo na hakuna anayetukanwa. Maneno yaliyochoma yalikuwa ya mtaani na ya shuleni. Mgeni akija nyumbani, angemshika dada kidevu na kusema, "Wee, huyu ni msupa," kisha angenigeukia: "Na huyu naye? Ni wa kina nani?" Kwenye mchezo wa Pasaka kanisani, mtu wa kuwa shetani alipatikana kwa dakika moja. Nilicheza vizuri, kama mnataka kujua.

Machi 2014 Lupita Nyong'o akashinda Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave. Nilikuwa kidato cha pili. Siku ile ni kama Nyanza nzima ilikuwa imeshinda. Walimu walionipita mwaka mzima bila kunitazama wakaanza kuniita Lupita. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Lakini furaha ile ilikuwa na shida yake. Weusi wangu ulikuwa umepewa kibali na watu wa Hollywood, na kibali kikitolewa kinaweza pia kufutwa.

Baadaye nilisoma hotuba aliyoitoa siku chache kabla ya tuzo hiyo. Alisimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu, akiwa mdogo, aamke na ngozi nyeupe zaidi, na jinsi kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi tii mwenye asili ya Sudan Kusini, kulivyomfungua macho. Hapo nilishtuka. Baba yake ni profesa na mwanasiasa mkubwa. Kama sala ile iliombwa hata kwenye nyumba ya profesa, basi haukuwa ushamba wa ploti yetu peke yake.

Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye studio ya picha karibu na steji. Picha za pasipoti, za harusi, za matanga. Kwenye kompyuta kuna kialama fulani. Ukikivuta upande wa kulia, uso unang'aa. Wateja hawaombi kwa sauti. Wanainama kwenye kaunta: "Siste, nipunguzie giza kidogo." Wanaume pia, tena wazee wa heshima. Hata picha ya marehemu ya kuwekwa juu ya jeneza, familia itaniambia nimwongezee mwanga, kana kwamba huko aendako pia kuna wa kumchagua.

Nilikuja kujua kwamba hata mashine hazikututengenezewa sisi. Enzi za filamu, Kodak ilikuwa ikituma kwenye maabara za picha kadi zenye sura ya mwanamke mzungu ili mafundi wazitumie kupimia rangi. Yeye akitoka vizuri, kazi imeisha. Sisi wengine tulitoka meno na macho. Kwa hiyo ile picha ya darasa niliyoichana nikiwa darasa la sita, labda ilikuwa inaeleza zaidi habari za kamera kuliko habari zangu.

Siku moja mzee mmoja alileta picha ya mkewe aliyefariki. Nikaisafisha jinsi tunavyozisafisha zote, nikamgeuzia skrini. Akaitazama kwa muda mrefu. "Rudisha," akasema. "Huyu simjui." Nikarudisha. Sura ya mama yule ikatoka mweusi, mweusi kama mimi, na mzee akatoa leso. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba mtu mweusi anaweza kupendwa. Siku hiyo niliona mtu akimtafuta mpenzi wake ndani ya weusi wenyewe, na nje ya huo hamwoni.

Nilidhani hadithi ya rangi kwetu nyumbani ni yangu mimi. Kumbe aliyekuwa anazama ni Rangi ya Thao.

Dada alikuwa amepata kazi za matangazo: kuvaa tisheti ya kampuni na kucheza juu ya lori siku ya soko. Wasichana walikuwa wanachaguliwa kwa macho, na sote tulijua macho hayo yanatafuta nini. Lakini jua la Migori halina adabu. Baada ya miezi miwili juu ya lori, rangi ikaanza kugeuka. Nilimkuta usiku akijipaka krimu kutoka kwenye kikopo kisicho na lebo yoyote. Nikamwambia, "Aki wewe, na si wewe ndiye mweupe?" Akanijibu bila kunitazama: "Wewe uliambiwa vibaya ukazoea. Mimi nikiungua nitabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Maisha yangu yote nilidhani yeye amelala kwenye godoro laini. Kumbe alikuwa amekaa juu ya noti na kuogopa moto.

Mwezi wa nne akaanza kuamka na uso uliovimba. Kisha miguu. Kisha mkojo ukawa na povu kama uliotiwa sabuni. Tulipofika hospitali, swali la pili la daktari lilikuwa, "Unapaka nini?" Vipimo vikaonyesha figo zinavujisha protini. Daktari akakishika kile kikopo kwa glavu, akasema krimu za namna hii mara nyingi zina zebaki.

Zebaki tulikuwa tunaijua. Mjomba wetu anachimba dhahabu kule Macalder, Nyatike. Mawe husagwa, unga ukaoshwa, na mchanga mzito unaobaki hutiwa zebaki ndani ya karai na kukorogwa kwa mikono mitupu. Zebaki inaikamata dhahabu. Donge lake linakamuliwa kwenye kitambaa, linachomwa, zebaki inapanda na moshi na dhahabu inabaki. Tukiwa wadogo mama hakuturuhusu kusogelea jiko lile. Sasa ndugu wa kitu hichohicho alikuwa amepakwa kwenye mashavu ya binti yake, tena kwa pesa.

Daktari alitueleza polepole. Zebaki inaizuia ngozi isitengeneze melanini, ile rangi ambayo ndiyo kinga yetu dhidi ya jua. Lakini haiishii kwenye ngozi. Inapenya, inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo, na mwanamke akiwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni. Upo mkataba wa dunia kuhusu zebaki, Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017. Umepewa jina la mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye sumu ya zebaki kutoka kiwandani. Mkataba huo unawataja wachimbaji wadogo wa dhahabu, na unazitaja pia krimu za kung'arisha ngozi: mwisho wake ulipangwa kuwa 2020 kwa yoyote yenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kila kilo. Karatasi moja, na ndani yake wamo mjomba wangu na dada yangu. Kenya nayo imezipiga marufuku krimu hizi. Ila kikopo kisicho na jina utakishtaki vipi?

Dada alipelekwa Homa Bay kwa dani, nyanya yetu, apumzike na awe mbali na lori. Kila Jumamosi jioni nilipanda matatu, Awendo, Rongo, Rodi Kopany, hadi ziwa linapoonekana.

Dani hana meno sita ya chini. Ni wa kile kizazi cha mwisho cha Wajaluo walioyang'olewa wakiwa wadogo, kama mila ilivyotaka. Tulikua tukiona pengo lile bila kuuliza. Jioni moja, tukichagua omena, dada akauliza.

"Iliuma, dani?"

"Iliuma sana. Nilitaka kukimbia, wakanishika."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikapendeza. Kila mtu alisema. Halafu dunia ikageuka, wajukuu zangu wakaanza kunicheka." Akacheka yeye mwenyewe, pengo wazi. "Mimi nilishikwa, nyakwara. Wewe nani alikushika?"

Dada akafikiri. "Kila mtu," akasema.

Dani hakubisha. Aliendelea kuchagua omena, kisha akasema, "Basi hao ni wengi. Itabidi uwe unawakimbia kila siku."

Sijawahi kusikia ushauri bora juu ya mwili, na nimesoma mwingi, ule wa jipende, simama mbele ya kioo, jiambie wewe ni malkia. Nimejaribu. Niliona aibu mbele ya kioo changu mwenyewe. Kilichonisaidia zaidi ni kuoga ziwani na akina mama wa pale. Jioni wanawake wana upande wao. Kuna matiti yaliyolala, makovu ya upasuaji, migongo mipana ya kubeba samaki, mapaja yenye michirizi. Hakuna anayesifia, hakuna anayecheka. Unasikia tu, "Nisugue hapa, hapana, chini kidogo." Nilioga mara nyingi kabla ya kugundua kwamba kwa nusu saa nzima nilikuwa sijakumbuka kuwa mimi ni mweusi.

Kwangu mimi raha ya mwili ni hiyo. Siwezi kusema naipenda ngozi yangu kila asubuhi. Siku nyingi siifikirii kabisa, na zamani hakukuwa na saa iliyopita bila kuifikiria.

Dada aliacha krimu. Uvimbe ulishuka baada ya wiki kadhaa, na uso ukarudi kwa mabaka, sehemu nyeusi, sehemu nyekundu, kama ramani. Bado anavaa kofia hata jioni. Bado akipita kwenye kioo cha gari anajiangalia haraka, kisha anaangalia kando. Ile kazi ya lori hakurudi. Siku hizi anauza omena Migori, anazitoa kwa dani. Protini kwenye mkojo imepungua lakini haijaisha. Tarehe ya kupima tena ni mwezi ujao, na nimeshaomba ruhusa kazini ili twende pamoja.