Safari Yetu ya Kutazama Mji wa Dodoma

Twawaandikia habari ya safari ndogo. Hatukwenda ng'ambo, wala hatukupanda merikebu. Tulitoka Kongwa tukaenda Dodoma, mwendo wa kilometa zipatazo 90, tukakaa siku tatu, tukarudi. Lakini katika miaka 34 ya ndoa yetu hatukuwa tumefanya jambo kama hilo, nasi tumeona si vema kuliweka kwetu peke yetu.

Mji wa Dodoma twaufahamu tangu zamani, walakini kila tulipokwenda tulikwenda kwa haja: kumpeleka mgonjwa, kufuata karatasi za pensheni, kuzika ndugu. Haja ikiisha twarudi siku ile ile. Kwenda kuutazama mji tu, mume na mke, hatukuwahi. Basi mwezi wa Agosti uliopita, watoto wote wakiwa wamekwisha kuondoka nyumbani, tuliuza mbuzi wawili tukaazimu kwenda. Majirani walipopata habari waliuliza, "Ni nani mgonjwa?" Tuliona haya kusema ya kwamba hakuna mgonjwa, mmoja wetu alikaribia kusema kuwa jino lamwuma.

Tena ilikuwapo sababu nyingine, nasi twaikiri. Tangu mtoto wa mwisho aondoke, jioni zetu zilikuwa kimya. Hatukugombana, lakini maneno yetu yalikuwa machache: chumvi imekwisha, mlango umefungwa, mbuzi wamerudi. Sote wawili tulilijua jambo hili, wala hakuna aliyelitaja.

Garini mume alikaa dirishani, na mke upande wa ndani, kama tulivyozoea. Tulipopita Chamwino na kufika Mtumba, mume, ambaye alikuwa mwalimu maisha yake yote, alifundisha kama aliye darasani. Huu ndio Mji wa Serikali, alisema. Mwaka 1973 chama cha TANU kilikata shauri kwamba makao makuu yahamishwe kutoka Dar es Salaam, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Alisema pia ya kwamba majengo mapya hayamshangazi upesi mtu wa Kongwa, kwa kuwa wazee wetu waliona mitambo ya Waingereza ikiletwa mwaka 1947 kulima karanga, na mwaka 1951 mpango ule mkubwa ukaachwa. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Mke aliitikia kwa adabu. Lakini kwa muda mwingi wa safari alichokiona yeye kilikuwa bega la mumewe.

Siku ya kwanza mume alipanga mambo yote. Tulitazama Bunge kwa nje, tukaenda Uwanja wa Nyerere penye sanamu ya Mwalimu, tukaketi kivulini. Hapo tulikumbushana hadithi ya wazee juu ya jina la mji: ya kwamba ndovu alikuja kunywa maji, akakwama matopeni, akazama asitoke tena, na watu wakasema kwa Kigogo "Idodomya", yaani amezama. Kisha tukaingia soko la Majengo.

Ninyi mlio wenyeji wa Ugogo mwaijua desturi ya njiani: mwanamume hutangulia, mkewe hufuata na mzigo. Wazee walitueleza ya kwamba zamani mwenye mkuki alipaswa kukutana na hatari kwanza. Sisi hatuna mkuki, lakini tulikuwa tukienda vivyo hivyo. Mmoja wetu alikuwa na fedha zote, na simu ya nyumbani, na jina la nyumba ya wageni tulikofikia; mwenzake alikuwa na kikapu. Katika msongamano wa watu mume akapinda kushoto, mke akazuiwa na mkokoteni wa viazi, na mkokoteni ulipopita mume hakuonekana.

Kwa muda wa saa moja na nusu tulipoteana. Mume alirudi mbio, akauliza watu, "Je, mmemwona mama mmoja mwenye kikapu?" Wakamjibu, "Mzee, kina mama wenye vikapu ni wengi. Amevaa nguo gani?" Naye hakuweza kujibu. Alikuwa ameondoka naye asubuhi, amekula naye, ameketi naye kivulini, wala hakujua kanga yake ilikuwa ya rangi gani. Husema hata leo ya kwamba swali lile lilimtia hofu kuliko kupoteana kwenyewe.

Mke naye alisimama bila hata shilingi moja, bila simu, wala hakujua jina la mahali pa kulala. Mama mmoja aliyeuza zabibu alimwona akitazama huku na huku, akamwamkia, "Mbukwa!" Kusikia salamu ya nyumbani kulimtuliza moyo. Mama yule akamsogezea sanduku akaketi, akamwambia, "Usitembee. Wawili wakizunguka hawakutani. Mmoja na akae." Akampa kichala cha zabibu, wala hakutaka malipo. Akamweleza ya kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ya kwamba mvunaji asiyetazama vema hukata kilicho kichungu na kuacha kilichoiva.

Mume alipofika, jasho likimtoka, mke hakumkemea. Alisema tu, "Mwalimu, mgongo wako naujua sana. Miaka 34 nimeutazama." Naye mume hakuwa na neno la kujibu. Alikitwaa kikapu, tukaondoka.

Usiku ule tulizungumza kuliko tulivyozungumza mwaka mzima. Tuliandika jina la nyumba ya wageni katika vipande viwili vya karatasi, tukazigawa fedha sawasawa. Kisha mume akauliza swali ambalo hakuwa amewahi kuliuliza katika safari yoyote: "Mama, wewe wataka kuona nini?" Mke akajibu mara moja, "Treni."

Basi siku ya pili tulikwenda sambamba, bega kwa bega, hata ilipotupasa kuwapisha watu. Tulitazama kwanza reli ya zamani, iliyofika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wadachi, kisha tukaenda kuiona treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ilipita mbele yetu kwa upesi, bila moshi, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko tulivyodhani. Mke aliitazama mpaka ikapotea, ndipo akasimulia. Alipokuwa mtoto karibu na Msagali, alitumwa kuchunga ndama kando ya reli. Akayahesabu mabehewa ya gari la moshi, na kila jioni alimwambia babaye hesabu ya siku ile. Ndivyo alivyojifunza kuhesabu kabla ya kuingia shule. Mume, aliyefundisha hesabu miaka mingi, alikuwa hajaisikia habari hiyo hata mara moja.

Twajua wako watakaosema ya kwamba mbuzi wawili ni mali, na ya kwamba mwenye akili angaliezeka paa. Nasi tulifikiri hivyo kabla ya kwenda. Lakini paa letu halikuwa likivuja wakati ule. Lililovuja lilikuwa jambo jingine. Wala hatuwaambii mwende Dodoma. Mwenye mbuzi mmoja na aende Kibaigwa na mkewe siku ya soko; asiye na mbuzi na apande naye kilima kilicho nyuma ya nyumba. Ila amwulize kwanza ataka kuona nini, na aitazame kanga yake kabla ya kuondoka.

Tuliposhuka garini Kongwa jua lilikuwa likitua. Njia ya kwetu toka barabarani ni nyembamba, yapita katikati ya miiba, haiwatoshi watu wawili. Tulisimama kidogo. Kisha mume akachukua kikapu, na mke akatangulia.