Machozi ya Kidato cha Kwanza

Mama mwenzangu, je, mwanao amewahi kulilia kitabu cha Kiingereza? Binti yangu alilia, hapa nyumbani Kariakoo, alipoanza kidato cha kwanza. Miaka 7 alisoma kwa Kiswahili. Ghafla baiolojia ikawa Kiingereza kitupu.

Nilikumbuka uanafunzi wangu wa uuguzi. Nilikariri bila kuelewa. Usiku mmoja wodini nilisoma "hypo" nikaelewa "hyper". Sukari ya mgonjwa ilikuwa imeshuka, nami nikashika sindano ya insulini! Sista wa zamu aliniwahi. Baadaye akanieleza kwa upole: kwa Kigiriki, hypo ni chini, hyper ni kuzidi. Sijasahau hadi leo.

Basi tukaketi mezani. Bios ni uhai, logia ni elimu: hiyo ndiyo baiolojia. Derma ni ngozi, epi ni juu ya. Epidermis ni ngozi ya juu. Hata askofu wetu ametoka katika episkopos, mwangalizi wa kundi. Binti akacheka, akafuta machozi.

Sasa kila jioni tunajifunza mizizi miwili. Mama, usimwache mwanao akariri tu. Kaa naye, mvunjevunje neno. Mungu atakusaidia.