Mbwa Hana Matanga

Mbwa wa Ugogo hana matanga. Akifa, vijana humburuta hadi porini, na jioni mbuzi hurudi zizini kama kawaida. Ndiyo maana watu wa kijiji cha Mvumi walimshangaa mjomba wangu alipomchimbia mbwa wake Simba shimo kwa jembe lake mwenyewe, kisha akashinda chini ya mbuyu bila kutaka kusemeshwa. Mbwa tu!

Simba alikuwa na uvimbe sehemu za siri, mwekundu, wenye vinundu kama koliflawa. Kila alipolala, aliacha matone ya damu mchangani. Ni saratani ambayo mbwa huambukizana wanapopandana, na seli za uvimbe ule hazikuwa zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kwenye kundi la Elizabeth Murchison, walichunguza vinasaba vya sampuli 546 za uvimbe huo kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka 2019 wakaeleza kwamba zote chanzo chake ni mbwa mmoja, aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye alishaoza zamani. Saratani yake bado inahama mwili hadi mwili. Wapo marehemu wetu ambao hatuna hata picha yao, na yupo mbwa asiyejulikana ambaye kipande chake kimegoma kufa.

Dawa ipo. Vinkristini, sindano ya kila wiki kwa wiki chache, huponya mbwa wengi. Asili yake ni ua dogo la Madagaska, na watoto wenye saratani ya damu hupewa hiyohiyo. Tangu 2003 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ina programu ya kujaribu tiba kwa mbwa wa majumbani waliougua wenyewe, si waliopandikizwa saratani kama panya wa maabara. Mbwa hao wanaishi na watu, wanavuta hewa moja nao. Huko mbwa akifa, hubaki faili.

Huku kwetu mbwa humwona bwana mifugo siku ya chanjo ya kichaa, akivutwa kwa kamba. Maabara ya mifugo ipo Mpwapwa tangu 1905, lakini ng'ombe kwanza, na kwenye nchi ya ukame silaumu. Linaloniuma ni kwamba Simba aliumwa miezi na hakuna aliyejifunza kitu kwake.

Nilipomsimulia mjomba habari za mbwa wa Asia, aliuliza tu mwenye mbwa huyo alikuwa nani. Kisha akauliza bei ya sindano, maana amepewa mbwa mwingine.