Dhiraa Sita na Shubiri Moja

Basi lilitoka Mombasa gizani, likapita Malindi, Garsen na Witu, na mchana jua likiwa kali tukateremka Mokowe, barabara inapoishia majini. Mimi niliyekulia Morogoro sikuwa nimewahi kusafiri kwenda mji usioingiwa na gari. Tulipanda boti pamoja na magunia ya vitunguu na mama mmoja aliyepakata cherehani. Baada ya muda Lamu ikajitokeza: nyumba nyeupe na za kijivu zilizobanana ufukweni, minara ya misikiti, majahazi yametia nanga.

Tulikuwa watatu: mchezaji ngoma kutoka Nairobi, mchoraji kutoka Kisumu, na mimi mwandishi. Tulikuwa tumepata nafasi ya ukaazi wa wasanii, wiki tatu katika nyumba ya kale mtaa wa Mkomani. Waandaaji walitupa sharti moja tu. Tutengeneze kazi moja kwa pamoja, na kazi hiyo itoke katika nyumba yenyewe na katika mambo yanayofanywa humo kila siku. Njiani tulikuwa tumeshapanga mengi. Mchezaji ngoma angecheza uani, mchoraji angemchora akicheza, mimi ningeandika maneno ya kusomwa. Mpango huo haukufika jioni.

Kutoka gatini tuliingia Usita wa Mui, ndia kuu ya mji, kisha tukakata vichochoro. Punda aliyebeba matofali ya mawe akija mbele yako, unabandika mgongo ukutani, unavuta tumbo, anapita. Mwenzangu wa Nairobi ndiye aliyeona kwanza jinsi wenyeji wanavyopishana: bega moja hurudi nyuma kidogo, salamu inatolewa, hakuna anayesimama. "Hii tayari ni ngoma," aliniambia kwa sauti ya chini, na siku zote zilizofuata hakuacha kuyatazama mabega ya watu.

Nyumba yetu ilikuwa na daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe huku na huku. Tukapiga hodi. Mwenye nyumba, mama wa makamo ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, aliitikia shikamoo zetu kutoka ndani, kisha akatupangia makao bila kuuliza. Sisi wanawake wawili tuingie. "Na wewe mwanangu," alimwambia mchoraji, "utalala sabule. Chakula utaletewa."

Sabule ni chumba cha wageni, mbali na vyumba vya familia. Sisi tulivuka mlango, tukapinda, maana njia ya kuingilia nyumba hizi imepindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike ndani, tukatokea kiwandani, yaani uani. Kutoka hapo kuna vyumba vinavyofuatana: msana wa tini, halafu msana wa yuu, halafu kile kiitwacho ndani, na kila ukisogea unapanda kidaraja kimoja. Mguu unajua kwamba unakaribia mahali pa heshima kabla macho hayajajua. Mchoraji hakuruhusiwa kupita kiwandani, na usiku ule wa kwanza tulikaa dakani tukiwa na huzuni. Kazi ya watu watatu itafanywaje ikiwa mmoja wetu haoni nyumba?

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata jibu. Alikuwa amekuja na nakala za michoro ya Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyezichunguza nyumba za Lamu na kutoa kitabu chake mwaka 1975. Michoro ile ina vipimo vya mita. "Mimi nitachora kwa vipimo vyenu," akasema. "Nileteeni ndani kwa mikono yenu."

Basi tukaanza kupima kama walivyopima wahenga wa pwani: shubiri, tangu ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, dhiraa, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, pima, mikono miwili ikinyooshwa. Ilitubidi tulale ukutani, tupige magoti, tujinyooshe sakafuni, na mwenzangu akagundua kwamba ngoma aliyoifuata Lamu alikuwa anaicheza. Upana wa ndani ukawa dhiraa zangu sita na shubiri moja. Msana wa yuu, vivyo hivyo. Kila chumba kirefu, kila chumba chembamba. Bi Mkubwa alitunyooshea kidole darini: boriti za mikoko zimepangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na chumba hakiwezi kupanuka kuliko mti unavyoweza kubeba mawe na chokaa vilivyo juu yake. Mkoko ndio uliopima kwanza, sisi tulikuwa tunarudia.

Tulipima pia yasiyo na urefu. Alfajiri, baada ya adhana, tulihesabu hatua za Bi Mkubwa kwenda chooni kutawadha. Humo mna birika la mawe, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa limezikwa bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki. Kata ya kifuu inazama, inapanda, mkono unageuka. Sijaona chombo wala ukuta uliotengenezwa kwa kuujua mwili wa mtu namna ile.

Nyuma ya ndani kuna chumba kidogo zaidi, nyumba kati. Bi Mkubwa alitufungulia siku ya tisa. Humo alijifungulia wanawe, humo mama yake alioshwa kabla ya kuzikwa. Hatukupima. Tulimwambia mchoraji aache mahali pale peupe, naye hakuuliza sababu.

Wiki ya pili fundi mmoja alikuwa akitengeneza upya paa bapa la nyumba ya jirani, akatuita tumsaidie. Juu ya paa tulikuwa watatu tena. Vipande vya matumbawe na chokaa, ile inayopatikana kwa kuchoma matumbawe tanuuni, vilikuwa vimetandazwa, na kazi iliyobaki ilikuwa kupigilia: kuvigonga kwa vipande vya mti, taratibu, siku tatu, hadi sakafu ishikamane. Zamani kazi hii ilikusanya watu wengi, na ilifanywa kwa nyimbo. Siku ile tulikuwa sisi na vibarua wanne. Fundi alimsahihisha mchezaji ngoma mara kwa mara: "Mkono usipite bega, mwanangu. Uwache uanguke wenyewe." Siku ya pili bibi mmoja aliyetusikia kutoka nyumba ya pili alipanda ngazi, akaketi kando, akaanza kuimba, na mapigo yetu yaliyokuwa yakigongana yakajipanga.

Nilimuuliza fundi kwa nini wengi sasa hutumia saruji. Akanijibu kwamba ni upesi. Kisha akanionyesha ukuta ng'ambo ya kichochoro uliopakwa saruji: unyevu umefungiwa ndani ya matumbawe, lipu imevimba na kubanduka. Ukuta wa chokaa hupumua. UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na kila anayeupenda mji huu hutaja milango na zidaka za kuta zake. Mimi naamini mkono usiopita bega ni urithi sawa na mlango, na wanaotafuta fedha za kuhifadhi kuta wangeanza kwa kuwalipa vijana wakae na fundi huyu miaka mitano. Kuta zikibaki na wapigiliaji wakaisha, paa la kwanza kuvuja litazibwa kwa saruji.

Usiku wa mwisho tulitundika kazi yetu dakani: shuka kubwa ya marekani, ramani ya nyumba kwa makaa, kila ukuta umeandikwa dhiraa na shubiri, na nyumba kati imeachwa nyeupe. Mchezaji ngoma alisimama barazani akaonyesha kwa mikono jinsi kila kipimo kilivyopatikana, kata na kipande vikiwemo. Wapita njia walisimama. Wazee wawili walipima baraza wenyewe, wakabishana.

Baada ya isha Bi Mkubwa alitoka amejitanda buibui lake, akaikaribia shuka, akasoma polepole. Akaweka kidole kwenye chumba cha ndani.

"Sita na shubiri? Si kweli."

Akarudi ndani. Tulinyamaza sote, na kupitia mlango ulioachwa wazi, kule kulikopinda, tukasikia mkono ukigusa chokaa na sauti ikihesabu: moya, mbili, tatu. Kisha akaita: "Saba kasoro vidole viwili!"

Mchoraji aliokota kaa, akaandika cha Bi Mkubwa chini ya changu.