Lori Lililoipita Motokaa

Picha iliyonivuta katika mchezo huu ni ya mwaka 1988: lori la DAF, lenye injini mbili, likiipita motokaa ya Peugeot jangwani katika mashindano ya kwenda Dakar. Dereva wake, Jan de Rooy wa Uholanzi, alikuwa mshindi wa malori mwaka 1987. Nalishangilia kama mtoto. Baadaye nalisoma kuwa katika safari ile ile lori la pili la kikosi chake lilipinduka katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, na mmoja wa waliokuwamo akafa. De Rooy akajitoa mashindanoni. Tangu hapo picha ile hainipendezi, wala siwezi kuitupa. Mwanawe, Gerard, alishinda mwaka 2012 na 2016, huko Amerika ya Kusini, kwa lori la Iveco lenye injini moja.