Upungufu wa Hazina

Somo la kwanza nililopata katika mambo ya hazina sikulipata shuleni, bali mkekani kwa mama yangu. Kwetu ni Saboti, katika miteremko ya Mlima Elgon, safari fupi kutoka mji wa Kitale. Na kama ilivyo kwa jirani zetu wengi, mwaka wetu huhesabiwa kwa mahindi. Hupandwa mvua za mwezi wa tatu na wa nne zikianza, huvunwa kuanzia mwezi wa kumi, na yakisha kuuzwa mama alikuwa akitandika mkeka, akimimina fedha kutoka katika kopo la majani ya chai na kuzigawa mafungu. Lilikuwapo fungu la mbolea na mbegu, fungu la karo, fungu la deni la duka, na fungu dogo mno ambalo hakulitaja jina, ila sote tulijua kuwa ni la ugonjwa. Baba aliketi kitini akitazama. Fungu lake yeye, la busaa ya jioni, lilikuwa limekwisha kutolewa kabla ya mkeka kutandikwa.

Mwaka mmoja mahindi yalipatwa na maradhi, yakakauka yangali machanga. Kopo lilipomiminwa mafungu hayakutimia. Mama alishauri mtamba mmoja auzwe. Baba alikataa, akasema kwamba watu wenye busara hupunguza matumizi kwanza kabla ya kugusa mali. Maneno hayo yalikuwa mazuri, na mpaka leo sijaona mtu awezaye kuyapinga yakisemwa peke yake. Kilichopunguzwa kilikuwa karo ya dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa kidato cha pili. Karo yangu haikuguswa, kwa kuwa nilikuwa mvulana. Busaa haikuguswa pia. Dada alirudi nyumbani akashika jembe, nami nikaendelea na masomo yaliyolipiwa kwa kukatwa masomo yake. Nimelichukua deni hilo kwa miaka mingi. Nalitaja hapa kwa sababu pasipo hilo nisingalifahamu vema mambo yaliyotokea katika nchi yetu tangu mwaka 2024.

Serikali nayo hupungukiwa, kama nyumba ipungukiwavyo, matumizi yake yanapozidi mapato. Njia zilizo mbele yake ni kuongeza kodi, au kupunguza matumizi, au kukopa. Na kukopa si njia ya tatu hasa, kwa maana mkopo hulipwa baadaye kwa moja ya njia mbili za kwanza, tena pamoja na riba. Kenya ilikuwa imekopa sana. Kufikia katikati ya mwaka 2024 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10, na katika makadirio ya mwaka wa fedha wa 2024/2025, ambayo jumla yake ilikaribia trilioni 4, riba peke yake ilihitaji kiasi cha trilioni moja. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi nne za makadirio, moja hivi ilikuwa imekwisha kuondoka kabla mwalimu hajalipwa na kabla barabara haijatengenezwa. Nikisoma hesabu hiyo hulikumbuka fungu la baba, ingawa nakiri kuwa mfano huo si sawa kabisa, kwa sababu mwenye kudai deni alikopesha kweli.

Basi serikali ilileta Mswada wa Fedha wa 2024 ili ipate kiasi cha shilingi bilioni 346 zaidi. Ndani yake mlikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya mkate, na kodi ya magari ya asilimia 2.5 kwa mwaka. Baadhi ya mambo hayo, mkate ukiwamo, yaliondolewa tarehe 18 Juni, lakini hasira ilikuwa imekwisha kuwaka. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu wakaufafanua kwa lugha za makwao, kazi ambayo wazee wao hatukuwahi kuifanya. Tarehe 25 Juni Bunge liliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikapigwa, na watu wakapoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi.

Mimi nilikuwa Kitale siku ya tangazo hilo, nami nilifurahi pamoja na waliofurahi. Sijuti. Mswada ule ulikuwa mzito kwa watu wadogo, na aliyeuandika hakuonekana kuwa na habari ya bei ya mkate. Lakini jioni, nikirudi Saboti juu ya bodaboda, swali la mama lilinijia: mafungu yatatimizwa na nini? Jibu lilitoka tarehe 5 Julai. Rais alisema kuwa pengo la bilioni 346 litazibwa kwa kupunguza matumizi ya bilioni 177 na kwa kukopa bilioni 169 hivi. Alitaja mashirika 47 ya umma yatakayovunjwa, na ununuzi wa magari mapya ya serikali utakaosimamishwa kwa mwaka mmoja. Kwetu watu walishangilia. Nani angelilia gari la mkubwa?

Hapa niruhusuni nirudi nyuma miaka mia, maana mabishano haya si mageni katika wilaya yetu.

Babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la mlowezi karibu na Kitale. Wakati ule nchi hii yote ya Trans Nzoia ilikuwa imetengwa kwa Wazungu, na babu aliishi humo kwa ruhusa tu. Katika vitu alivyotuachia mna stakabadhi ya kodi, imechakaa hata maandishi yake hayasomeki vema. Kila Mwafrika mwanamume alitozwa kodi ya kibanda au ya kichwa, awe ana kitu au hana. Mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, hazina ya koloni ilipungukiwa. Kodi ya Waafrika ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 10 hata 16, na walowezi wakakata mishahara ya vibarua kwa theluthi moja. Harry Thuku aliposimama kupinga mambo hayo alitiwa mbaroni, na tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe ulipigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri kuwa watu 21 waliuawa. Ndipo kodi iliposhushwa hata shilingi 12.

Katika muda huo huo walowezi nao walikuwa wameletewa kodi, yaani kodi ya mapato. Waliipinga kwa nguvu, wakidai kwamba dawa ya upungufu ni serikali kupunguza matumizi yake, na mwaka 1922 kodi hiyo ikafutwa. Ushuru wa forodha ukapandishwa mahali pake, nao hutozwa tajiri na maskini pamoja, kila anunuapo kitu. Dhiki iliporudi baada ya mwaka 1929 mabishano yaliamka tena. Mwaka 1932 Lord Moyne, aliyetumwa kutoka Uingereza kuzichunguza fedha za koloni, aliona kwamba Waafrika walitoa kodi nyingi kupita huduma walizopata, akapendekeza kodi ya mapato. Walowezi walipinga tena mpaka mwaka 1937, ilipopita. Na miaka hiyo yote ambayo walitaka matumizi yapunguzwe, walikuwa wakikopeshwa na Benki ya Ardhi, ambayo serikali iliwaanzishia mwaka 1931. Kila mtu alitaka shoka liangukie mti wa jirani.

Ningependa kusema kwamba sisi tulio wajukuu wa vibarua tu watu wa namna nyingine. Sivyo. Nilisikia wakulima wenzangu, katika foleni ya ghala la nafaka Kitale, wakilaani matumizi ya serikali kwa sauti kubwa, ilhali walipanga foleni kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 ambao mwaka 2022 dukani ulipita shilingi 6,000, serikali ilikuwa imeushusha hadi 3,500, kisha mwaka 2023 hadi 2,500. Nami nilikuwamo katika foleni. Fedha iliyojaza tofauti ile ilitoka katika hazina ile ile tuliyotaka ikazwe kamba. Kweli, mwaka 2024 mifuko mingine ya ruzuku iligunduliwa kuwa na mbolea bandia, na mwenye kununua udongo kwa jina la mbolea ana haki ya kulaani. Ila huo ni wizi, na wizi hauponywi kwa kodi wala kwa kubana matumizi.

Lililonifanya nishike kalamu ni mkutano wa wazazi wa mwaka 2025, katika shule ya kutwa ambamo binti wa dada yangu asoma. Yuko kidato cha tatu, hivyo amekwisha kumpita mama yake. Ninyi mnaosoma kitabu hiki mwajua kwamba serikali iliahidi kumtolea kila mwanafunzi wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina haiwezi kutimiza kiasi hicho, na kwamba kilichokuwa kikitolewa ni kama shilingi 16,900. Kulikuwa na kelele, na serikali ikawahakikishia watu kwamba elimu ya bure itaendelea. Lakini shule haiendeshwi kwa hakikisho. Mwalimu mkuu wetu, mtu mpole aliyeonekana hajalala, alisoma orodha ya madeni: ya umeme, ya vifaa vya maabara, ya mshahara wa mpishi na wa walimu wawili walioajiriwa na bodi. Kisha akaomba kila mzazi alete shilingi elfu nne.

Dada yangu alisimama. Si mzoefu wa kusema mikutanoni.

"Mwalimu mkuu," alisema, "mwaka jana tuliambiwa kodi haikupanda. Hizi ni nini?"

"Mama, hizi si kodi. Ni mchango."

"Na nisipokuwa nazo?"

Mwalimu mkuu aliyatazama makaratasi yake, wala hakujibu. Wazazi wengine walicheka kidogo kwa aibu.

Tangu siku ile swali lake limenikalia moyoni. Kodi mbaya ya mwaka 2024 ilikuwa na mswada, ilipigiwa kura, kila mbunge alijulikana alikosimama, na watu waliipinga hata ikaondolewa. Kupunguzwa kwa fedha za shule hakukuwa na maandamano, kwa sababu hapana siku kulipotangazwa. Kulifika kimyakimya, muhula kwa muhula, mpaka kukaketi juu ya benchi la mzazi kwa jina la mchango. Mwenye gari na mwenye jembe waliombwa elfu nne sawasawa, kama vile kodi ya kibanda ya babu ilivyokuwa sawa kwa mwenye ng'ombe ishirini na asiye na kuku. Kodi ya mapato ingaliuliza kwanza mtu apata kiasi gani. Kwa hiyo siku hizi, nisikiapo redioni wataalamu wakibishana kama dawa ni kodi au ni kubana matumizi, hungoja wataje ni kodi ya nani na ni matumizi ya nani. Mara nyingi kipindi huisha hawajataja.

Sisemi kwamba hakuna cha kupunguza. Kipo kingi, na orodha ya tarehe 5 Julai ilianza mahali pazuri, kwa wakubwa na magari yao. Shida ni kwamba mkubwa anapopunguziwa hujua mlango wa kubisha, na mtoto wa kidato cha tatu haujui. Mwezi wa Desemba 2024 baadhi ya kodi zilirudi kwa sheria nyingine, kwa kelele chache kuliko za Juni.

Dada hakungoja mahindi yapande bei. Mwezi wa Oktoba aliuza magunia manne yangali na unyevu, mnunuzi akamkata bei kwa sababu hiyo, akapeleka shuleni nusu ya fedha zilizotakiwa. Nilimpa nusu ya pili. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, akazifunga katika leso, akasema kwamba bado namdai karo ya kidato cha tatu na cha nne. Nikamwambia kwamba amekosea, yeye ndiye anidaiye mimi. "Ndivyo nilivyosema," alinijibu, akaenda zake kumwita binti yake aje kukama ng'ombe.