Duru 504

Katika besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, Ijumaa ni siku ya mrushaji bora. Timu mbili hukutana mara tatu mfululizo, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila kocha huanza na mkono anaouamini kuliko yote. Mkono huo ukikupa duru saba, warushaji wako wa akiba wanalala hawajaguswa na Jumamosi unaamka tajiri. Ukikupa duru tatu, Jumapili utamwita hata kijana ambaye ni mama yake tu anayejua kwamba anarusha. Ratiba ya kawaida, kabla ya mashindano ya mwisho wa msimu, ni mechi 56. Kila mechi duru tisa. Zidisha upate 504, na kila moja lazima apatikane mtu wa kupanda kile kichuguu cha udongo katikati ya uwanja aimalize. Namba hiyo ndiyo niliyokuwa naiandika juu kabisa ya ubao wa ofisini kila Juni, wakati wenzangu wanaandika majina.

Nilikuwa mratibu wa usajili wa timu ya chuo kimoja cha kusini, si cha fahari na si cha kubezwa. Sikufika pale kwa kipaji cha mchezo. Nilitoka Morogoro kwenda kusoma takwimu, na kibarua cha kwanza nilichopata chuoni, cha kusogezea siku, kilikuwa kukaa nyuma ya wavu na tochi mkononi, ileile ya matrafiki wetu wa barabarani, nipime kasi ya mpira na kuandika. Maili 88. Maili 91. Wa kupinda, 79. Nikaandika mpaka nikaanza kuona kitu: mrushaji akichoka, mara nyingi hapotezi kasi kwanza, anapoteza shabaha. Mpira unaanza kuelea inchi mbili tatu juu ya pale ulipotakiwa, na tochi bado inasoma 91. Nikamwambia kocha msaidizi, naye akalifikisha kwa mkubwa wake, na mwaka uliofuata nikapewa nafasi kwenye benchi la ufundi. Baadaye zikaja mashine za rada zinazosoma hata mpira unavyozunguka hewani, tochi ikafungiwa kabatini, nami nikawa mtu wa kuamua tumfuate nani na tumwache nani.

Kiangazi cha 2023 tuliondokewa. Mrushaji wetu wa Ijumaa alikuwa amemaliza mwaka wa tatu, na kanuni ni kwamba mchezaji wa chuo cha miaka minne hachaguliwi na klabu za kulipwa mpaka amalize mwaka huo au afikishe miaka 21. Mlinzi wetu wa katikati ya besi ya pili na ya tatu naye alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Hao wawili walikuwa msiba wa mzee wa miaka tisini: unahuzunika, lakini sanda ilikwisha nunuliwa.

Wa tatu ndiye aliyetushtua. Mdakaji wetu, kijana wa mwaka wa pili, aliingia ofisini mwanzoni mwa Juni, akakaa, akasema anaingiza jina lake kwenye mfumo wa uhamisho. Mfumo huo ulianza Oktoba 2018, na kuanzia 2021 mchezaji wa besiboli aliweza kuhama mara moja na kucheza msimu unaofuata, bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Mwaka ule dirisha lilikuwa la siku 45 kuanzia mwisho wa Mei. Chuo kikubwa kuliko chetu kilikuwa kinamsubiri, na ilionekana kilianza kumsubiri kabla hata yeye hajatuaga. Kocha mkuu alimpa mkono, akamuuliza kama mama yake anajua. Anajua. Basi.

Kaka yangu, Simba damu damu, alinipigia wiki hiyo.

"Sasa mdogo wangu, wamewalipa ngapi?"

"Hawalipi, kaka."

"Hata ada ya uhamisho?"

"Hakuna."

"Na yule atakayekwenda klabu ya kulipwa?"

"Hata huyo. Pesa ni yake na wazazi wake. Chuo hakipati senti."

Akaguna. "Basi nyinyi mnafanya kazi ya hisani."

Watu wa magazeti walimwandika mrushaji. Tutafanyaje bila duru zake, karibu 90? Mimi nilikuwa namfikiria mdakaji. Asiyeujua mchezo huu humwona mdakaji kama mtu wa kupokea tu, amechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Lakini chukua hali hii: adui yuko besi ya tatu, pointi moja tu inatenganisha timu, na mrushaji wako ana mpira mzuri wa kupinda, ule unaoanza kiunoni na kuishia kwenye vumbi. Mpira huo ndio unaomfanya mpigaji azungushe rungu kwenye hewa tupu. Mdakaji akiwa wa kuaminika, akishuka magoti na kuuzuia kwa kifua, mrushaji anaurusha bila wasiwasi. Akiwa si wa kuaminika, mpira unapita, wa besi ya tatu anakimbia nyumbani. Kwa hiyo mrushaji, bila kumwambia mtu, anaacha kuurusha. Anarusha wa moja kwa moja, katikati, na anapigwa. Kwenye karatasi ya takwimu kosa linaandikwa kwa jina la mrushaji. Nilizipitia rekodi zetu za misimu miwili, nikaona mdakaji aliyetukimbia alivyowafanya warushaji wa kawaida waonekane wazuri. Tulikuwa tumepoteza sehemu ya kila mkono uliobaki.

Kabla ya kufika kwa mdakaji, hata hivyo, kulikuwa na mchujo ambamo klabu za kulipwa huchagua wachezaji, uliofanyika Seattle kuanzia Julai 9 hadi 11. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, bingwa wa taifa wa Juni ileile, kilitoa mtu wa kwanza na wa pili, Paul Skenes na Dylan Crews, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa chuo kimoja. Skenes, aliyekuwa amewatoa wapigaji 209 msimu huo kwa straiki tatu, alisaini kwa dola milioni 9.2. Sisi tulikaa na piza iliyopoa tukisubiri raundi za chini, kwa sababu hatari yetu iko huko. Mchujo una raundi 20. Kuanzia ya 11, klabu inaweza kumpa kijana hadi dola 150,000 bila kugusa fungu lake la bonasi, na anayepewa pesa hizo mara nyingi ni mwanafunzi wa sekondari ambaye alishamwaga wino kwako tangu Novemba. Unamhesabu kwenye kikosi, kumbe hatafika. Siku ya tatu tukapoteza mmoja wa hivyo. Mrushaji wa Ijumaa na mlinzi walikwenda kama ilivyotarajiwa, mikutano ya wazazi ikafuata, keki, picha, na nguo za timu zikarudishwa stoo.

Kocha mkuu alikuwa na dawa ya kumnyamazisha yeyote aliyeanza kujipa moyo: alitaja Mississippi. Chuo cha jimbo hilo kilitwaa ubingwa wa taifa 2021, mwaka uliofuata kikashinda mechi 26 na kupoteza 30. Jirani zao wa Ole Miss wakautwaa 2022, na 2023 hawakuwamo hata kwenye timu 64 za mashindano ya mwisho. Hao wana viwanja vinavyojaa, alisema, sisi je?

Ndipo ikaja hesabu ya skolashipu, ambayo naamini ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi yangu, ingawa hakuna shabiki anayeishangilia. Kwa kanuni za wakati ule, timu nzima ya besiboli ilikuwa na skolashipu kamili 11.7. Timu nzima. Kikosi kiliruhusiwa kufika wachezaji 40. Kwa hiyo unakata vipande: huyu asilimia 25, yule 40, mwingine anakuja kwa ada yake mwenyewe na ahadi ya glovu mpya. Nyota wetu watatu, mmoja alikuwa na asilimia 60, mmoja 50, mdakaji 40. Wote pamoja walituachia skolashipu moja na nusu. Ukitaka kumchukua mrushaji mwingine wa duru 90 kutoka kwenye mfumo wa uhamisho, moja na nusu hiyo haitoshi hata kumfungulia mazungumzo, kwa sababu tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na wenye matajiri nyuma yao hawaongei asilimia, wanaongea dola.

Nikapendekeza tusimtafute. Duru 90 ni duru 30 mara tatu. Warushaji wa duru 30 wamejaa, wametupwa na vyuo vyenye watu wengi. Tukamchukua wa mkono wa kushoto ambaye kasi yake ilikuwa ya kuchekesha lakini wapigaji wa kushoto walikuwa hawamwoni. Tukamchukua mmoja aliyetoka kwenye upasuaji wa kiwiko, ule aliouanza daktari Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John na ukabaki na jina la mgonjwa; mtu huhitaji mwaka na zaidi kupona, na chuo chake kilikuwa kimechoka kungoja. Wa tatu alikuwa wetu wenyewe, mwaka wa kwanza, ambaye msimu wote alikuwa amekaa benchi akila mbegu za alizeti. Kocha mkuu hakufurahi. Alitaka jina moja la kuwapelekea wafadhili. Nilimwelewa, huwezi kuandaa chakula cha jioni cha harambee ukamtambulisha mgeni rasmi "theluthi".

Mdakaji nilimfuata Kansas. Kuna vyuo vya miaka miwili, vimetapakaa kwenye miji midogo ya Texas, Oklahoma, Kansas, na mchezaji wa huko anaweza kuchaguliwa na klabu mwaka wowote bila kungoja ule wa tatu. Albert Pujols alipita kwenye chuo cha namna hiyo Missouri kabla ya kuchaguliwa raundi ya 13 mwaka 1999. Bryce Harper naye alicheza kimoja cha Nevada, akawa wa kwanza kabisa 2010. Niliyemfuata mimi hakuwa Harper. Alikuwa anapiga vibaya, ndiyo maana simu yake ilikuwa kimya mpaka Julai.

Upepo wa Kansas unavuma kama una deni na mtu. Nilisimama nyuma ya wavu wakati anawapokea warushaji wenzake mazoezini, hakuna mpigaji, hakuna mtu kwenye besi, mpira ukipita haupotezi chochote. Mrushaji wa kwanza akauzika wa kupinda kwenye vumbi. Kijana akashuka magoti yote mawili, akakunja mabega, mpira ukamgonga kifuani ukadondoka mbele yake. Wa pili, vilevile. Kila mpira. Nilipima pia urushaji wake kwenda besi ya pili, kuanzia mpira unapogusa glovu yake mpaka unapogusa ya mwenzake: sekunde 2.05, na kwenye ligi kuu kawaida ni karibu 2. Lakini mimi nilishaamua kwenye yale magoti. Baada ya mazoezi nilikaa na bibi yake, aliyemlea, kwenye mgahawa wa barabarani. Aliniuliza mambo mawili tu: asilimia ngapi, na mjukuu wake atasoma nini. Nikamwambia 25, kama mdakaji wa tatu. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akapiga hesabu nyuma ya menyu, akaongeza ruzuku ya serikali kwa familia za kipato cha chini, akanigeuzia nione kilichobaki. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyohofia. Wakakubali.

Vuli tulikuwa na sura mpya nyingi kiasi kwamba kocha wa wapigaji aliwabandikia plasta zenye majina kwenye kofia za ngumu. Kijana wa Kansas alikuwa na tabia moja: kila chakula cha mchana alikaa na mrushaji tofauti, akauliza anapenda kuanza na mpira gani, na ni upi anauogopa. Machi haijaisha, wadakaji wawili waliokuwa mbele yake walikuwa wanamwangalia kutoka benchi. Bado hakuwa anapiga. Tulimweka wa tisa kwenye orodha ya wapigaji na tukavumilia.

Hatukufika kwenye 64 mwaka 2024. Tulishinda mechi nyingi kuliko tulizopoteza, tukatolewa kwenye mashindano ya ligi yetu, tukarudi na basi usiku. Ubaoni, duru zote zilikuwa zimepata wenyewe, na hakuna aliyefika 65. Wa kiwiko alirusha 41. Yule wa mbegu za alizeti alimaliza msimu akiwa ndiye wa Ijumaa.

Juni 6, 2025 jaji wa shirikisho aliidhinisha makubaliano ya kesi ya michezo ya vyuo, yaliyobadilisha kila kitu nilichokuwa nakijua. Zile 11.7 zimefutwa, chuo kilichojiunga na utaratibu mpya kinaweza kumlipia kila mchezaji skolashipu kamili, ila kikosi mwisho wake 34. Wengi walishangilia, na kwa familia zilizokuwa zinalipa asilimia 75 ya ada wana haki ya kushangilia. Lakini nikiishika orodha yangu ya Julai 2023 na kuhesabu kwa kanuni ya leo, mdakaji wa tatu anayepiga vibaya anaangukia nafasi ya 36 au 37. Bosi wangu asingesaini tiketi ya kwenda Kansas, na nisingemlaumu.